Safina Juu ya Lori la Mbao

Nilipoanza masomo ya uzamili nilikuwa nimeshafundisha Kiingereza na fasihi kwa miaka mingi katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya Elburgon, mji nilikozaliwa. Kila Jumamosi niliteremka Nakuru, kwenye bewa la chuo lililokuwa juu ya duka la magodoro, katika jengo la biashara katikati ya mji. Tulikuwa darasa dogo, karibu wote walimu, na kozi niliyoichagua ndiyo wenzangu waliyoikwepa: mashairi na tamthilia za Kiingereza kuanzia zama za kati hadi enzi ya Mwamko wa Ulaya. Waliniuliza kwa nini nisisome fasihi ya Kiafrika, kitu ambacho mtu anakijua. Niliwajibu kwamba hicho ninakijua tayari. Nilitaka kitu cha kunitoa jasho, na nilikuwa na hakika kwamba kingenitoa jasho bila kunishinda.

Mhadhiri wetu alikuwa mama mtu mzima, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo hakuwahi kuhitaji kuipandisha. Tulimwita Daktari. Siku ya kwanza alitugawia ukurasa mmoja wa shairi la zama za kati akatuambia tusome kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Wenzangu walijikwaa. Neno ulilitambua kwa umbo, lakini lilikuwa na herufi za ziada, na kila mtu alijaribu kuzimeza zile za ziada jinsi Kiingereza cha siku hizi kilivyozoea kuzimeza.

“Msimeze kitu,” Daktari alisema. “Wakati huo herufi hazikuwa zimeanza kunyamaza. Kilichoandikwa kilitamkwa.”

Zamu yangu ilipofika nilifanya hivyo tu. A ilikuwa a, e ilikuwa e, na mwisho wa neno sikuukata. Nililisoma shairi lile jinsi ambavyo ningesoma tangazo la Kiswahili kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, silabi kwa silabi, na mdundo wake ukajitokeza wenyewe. Daktari alivua miwani akanitazama.

“Ulifundishwa wapi kusoma hivi?”

“Sijafundishwa, Daktari. Nimesoma tu kama Kiswahili.”

“Basi usiache. Endelea mpaka chini.”

Niliendelea mpaka chini. Nikiwa kwenye shahada ya kwanza kuna wanafunzi wa mjini walionicheka kwa kutamka kila herufi, ati Kiingereza changu kilikuwa na vumbi la mbao. Asubuhi hiyo, juu ya duka la magodoro, niliona wazi kwamba ningesimama kwenye soko la hao Waingereza wa kale na kueleweka upesi kuliko wote walionicheka. Tangu siku hiyo sikukaa tena nyuma ya darasa.

Mashairi niliyapenda, ila kilichonikamata kabisa kilikuwa michezo ya mafundi. Daktari alitueleza kwamba katika miji kadhaa ya Uingereza ya zama za kati, ikifika sikukuu fulani ya kanisa, watu wa kazi za mikono walikuwa wakiigiza hadithi za Maandiko barabarani. Kila chama cha mafundi kilikuwa na hadithi yake. Jukwaa lilikuwa mkokoteni mkubwa. Mkokoteni ulisimama mahali, watu wakaigiza, kisha ukasukumwa hadi mtaa mwingine na mchezo ukaanza upya. Hakukuwa na ukumbi wala waigizaji wa kulipwa. Aliyekuona jana ukipiga randa, leo alikuona ukiwa malaika.

Nilicheka nikiwa pale pale darasani, kwa sababu mji huo niliujua. Elburgon watu huitwa kwa kazi zao: fundi, dereva, mama kabichi, yule wa msumeno. Mkokoteni tunao pia, ila wetu ni lori, nalo hushinda likipanda na kushuka kutoka msitu wa Mau limebeba magogo.

Nilimwambia Daktari kwamba tasnifu yangu ingehusu michezo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Sawa. Lakini usiniletee karatasi peke yake. Mchezo huu haukuandikwa ili usomwe na mtu aliyekaa. Uigizeni, mimi nije nione, ndipo uandike.”

Nilichagua mchezo wa gharika. Hadithi yenyewe kila mtu anaijua kuanzia shule ya Jumapili, lakini wale watu wa zamani waliongeza kitu. Mzee anaambiwa na Mungu ajenge safina, naye anatii bila maswali. Mke wake ndiye anayekataa. Ana marafiki zake ambao amezoea kukaa nao, kunywa nao na kuwateta watu, na hataki kupanda safina akiwaacha. Wanawe wanambeba juujuu. Akishafika ndani anampiga mumewe kofi, na watazamaji wanacheka sana. Halafu maji yanapanda na wale marafiki hawaonekani tena. Ni sehemu fupi, na kicheko cha watu kinakatikia njiani. Niliitafsiri kwa Kiswahili jioni baada ya kusahihisha insha za wanafunzi, nikijitahidi kuweka vina bila kuvilazimisha. Kinywaji chao nilikigeuza kuwa chai ya maziwa.

Kupata waigizaji kulihitaji akili. Elburgon ina makanisa mengi, na nilijua kwamba nikienda kwa pasta mmoja, watu wa pasta mwingine hawatakuja. Kwa hiyo sikwenda kanisani. Nilikwenda kwenye kazi, jinsi ilivyokuwa huko kwa wenyewe. Maseremala niliwapa safina. Mafundi wa nguo niliwapa mavazi na wale marafiki watatu. Wauza kabichi na viazi walikubali kuwa wanyama, wakajitengenezea vichwa kwa maboksi. Mwenye lori alikubali kutuachia lori lake siku moja ya likizo ya Agosti. Mungu nilimpata kwenye soko la mifugo: alikuwa mnadi, mtu wa kutangaza ng'ombe kwenye mnada, na sauti yake ilifika ng'ambo ya reli bila kipaza sauti. Tulimpa kipaza sauti hata hivyo, kwa heshima.

Akabaki mke wa mzee. Nilimtaka mama yangu.

Mama alikuwa akiuza mabanzi, yale mapande ya nje yanayobaki gogo likipasuliwa, kwenye lango la kiwanda kimoja cha mbao. Watu huyanunua kwa kuni na kwa kuzungushia ua. Baba alikuwa amefariki miaka michache nyuma, na Mama alikuwa amekataa katakata kuja kukaa kwangu. Kutwa nzima alibishana na madereva huku misumeno ikinguruma nyuma yake, kwa hiyo sauti yake ilikuwa imekomaa kwa kazi hiyo.

“Mimi? Nicheze? Na huu umri?” alisema nilipomweleza.

“Ndiyo, Mama.”

“Watu waseme mama mwalimu amerukwa na akili?”

“Watasema mama mwalimu ana sauti.”

Alipanga upya mabanzi mawili matatu. “Huyo mwanamke anafanya nini kwa hiyo hadithi?”

Nilimsimulia. Nilipofika kwenye kofi, alisimama.

“Anampiga kabisa? Mbele ya watu?”

“Mbele ya watu wote.”

“Kwa nguvu kiasi gani?”

Nikajua nimempata.

Nilichokuwa sijapanga ni nani angekuwa rafiki yake. Mafundi wa nguo walikaa wenyewe wakachagua watatu, na wa kwanza kwenye orodha yao, ambaye angekuwa na mistari mingi, alikuwa mama mmoja mwenye kibanda cha cherehani karibu na steji ya matatu. Tulimwita Fundi tu. Fundi na Mama walikuwa wameketi benchi moja kanisani tangu mimi nikiwa mtoto. Walianza kwaya pamoja, wakaacha kwaya pamoja. Halafu mwaka ule Baba alipokuwa mgonjwa, Fundi alihama. Kijana wake alikuwa amefungua kanisa lake mwenyewe, la mabati, upande wa chini wa mji, naye akamfuata. Jumapili moja benchi lilikuwa na watu wawili, Jumapili iliyofuata lilikuwa na Mama peke yake. Hawakugombana. Wakikutana walisalimiana, lakini Mama alimpa mkono vile anavyompa mkono mtu wa kanisa anayepokea wageni mlangoni, na kwenye kibanda cha cherehani hakukanyaga tena.

Ningeweza kuwaomba mafundi wabadilishe. Nililifikiria hilo usiku mmoja tu, nikaamua kwamba waliomchagua walikuwa na haki yao na kwamba mchezo ulihitaji wanawake wawili wanaojuana. Nilikuwa na hakika nimefanya vizuri, na nina hakika mpaka leo.

Tulifanya mazoezi Jumapili alasiri, nyuma ya kiwanda, wakati misumeno imezimwa na vumbi la mbao limetulia. Mama na Fundi walisema mistari yao sawasawa. Wakimaliza, Mama alikwenda upande wake na Fundi upande wake. Hawakuzungumza neno ambalo sikuwa nimewaandikia. Ila siku moja Mama alinirudishia karatasi.

“Hapa umeandika, ‘Enyi wandani wangu mniliwazao.’ Nani anaongea hivi?”

“Ni lugha ya kishairi, Mama.”

“Mtu anataka kuzama na yeye anaanza na ‘enyi’? Andika kitu mtu anaweza kusema.”

“Wewe ungesema nini?”

Hakumtazama Fundi. Alitazama magogo. “Ningesema, nyinyi ndio mnanijua. Basi.”

Nikaandika hivyo. Kina kilivunjika, na nikakiacha kivunjike.

Siku yenyewe Daktari alikuja na gari lake kutoka Nakuru, amevaa gambuti mpya, kwa sababu nilikuwa nimemwonya kuhusu matope yetu. Tulikuwa na vituo vitatu: mbele ya kiwanda, sokoni, na mwisho kwenye uwanja wa shule yangu. Maseremala walikuwa wamejenga safina nzuri kuliko nilivyostahili, mbavu za mbao za saipresi zimepindwa pande zote mbili za lori, na mlango mdogo wenye ngazi kwa nyuma. Mzee wa safina alikuwa seremala mkuu mwenyewe, mtu mpole wa maneno machache. Mungu alisimama juu ya kichwa cha lori, amefunikwa shuka jeupe. Chini, mbele ya watazamaji, wasichana wa Kidato cha Tatu walishika turubai la bluu ambalo lingekuwa maji.

Kituo cha kwanza kilikwenda kama kilivyoandikwa. Mnadi alitangaza gharika vile anavyotangaza fahali, na madereva waliokuwa wakisubiri mbao walizima injini zao wakaja. Mama alikataa kupanda. Wanawe, ambao walikuwa vijana watatu wa msumeno, walimbeba juu naye akapiga mateke kwa furaha iliyoonekana wazi. Kofi lililomfikia seremala halikuwa la kuigiza. Watu walishangilia. Kisha wasichana wakainua turubai, Fundi na wenzake wawili wakaita jina la rafiki yao, sauti zikapungua, wakajikunyata chini ya turubai, na shangwe zikakatika. Dereva mmoja alivua kofia. Nilimwona Daktari akiandika.

Sokoni mambo yaliharibika kidogo, na watu walipenda zaidi. Mvua ilianza. Elburgon mvua ya Agosti si habari, lakini mvua kunyesha dakika ile ile ambayo Mungu ametangaza gharika ilifanya soko zima lipige mayowe. Vichwa vya boksi vilianza kulowa. Twiga alivunjika shingo. Mama mmoja mwenye nyanya alimwuliza Mungu kwa sauti kama angeweza kungoja hadi afunike bidhaa zake, naye Mungu akamjibu kwenye kipaza sauti kwamba hajaahidi kitu. Tulimaliza kwa shida, Fundi na wenzake wakazama tena, safari hii kwenye matope halisi, na lori likaondoka taratibu kuelekea shuleni.

Kufikia uwanja wa shule tulikuwa tumelowa sote. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, chini ya miavuli na magunia, wanafunzi wangu kwenye varanda za madarasa. Nilisimama karibu na ngazi ya lori na mistari mkononi, ingawa karatasi zilikuwa zimeshikana na hazingesomeka. Mchezo ulianza. Safina ikajaa wanyama. Seremala akanyoosha mkono kwa mke wake.

“Mke wangu, panda. Maji yamefika.”

“Siingii,” Mama alisema. Hiyo ilikuwa imeandikwa.

Vijana wakaja kumbeba. Hapo Mama akakamata kifundo cha mkono wa Fundi. Hilo halikuwa limeandikwa.

“Bila huyu siingii.”

Seremala alinitazama. Akajikuna kidevu, mtu maskini, akatafuta maneno yake mwenyewe. “Lakini, mke wangu… safina imejaa.”

“Imejaa nani? Huyo ndovu asogee.”

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Ndovu, ambaye siku nyingine aliuza viazi, alisogea. Fundi naye alikuwa akijaribu kuutoa mkono wake, huku akitabasamu kwa ajili ya watu.

“Mama Mwalimu, niache,” alisema chini chini. “Si ndivyo imeandikwa, mimi ninabaki.”

“Imeandikwa na nani? Na huyu mtoto?”

“Watu wanatuangalia.”

“Waangalie.” Kisha Mama alishusha sauti, na nadhani ni mimi tu na seremala tuliosikia vizuri. “Wewe ulipanda ile yako bila kuniambia. Mimi nakuambia. Panda.”

Fundi aliacha kuvuta mkono. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni kutoka kwenye kitambaa cha kichwa.

“Kijana wangu alikuwa peke yake kule. Ningemwacha?”

“Si ungeniambia.”

“Ningekuambiaje? Mzee wako alikuwa kitandani. Nije nikuambie, pole kwa ugonjwa, na mimi pia nakuacha?”

Watazamaji hawakuwa wamesikia maneno, lakini waliwaona wanawake wawili watu wazima wamesimama kwenye mvua wameshikana mikono na hakuna anayesonga, na wakadhani mchezo ndivyo ulivyo. Juu ya kichwa cha lori Mungu alikuwa amenigeukia, kipaza sauti kimeshushwa, macho yakiuliza.

Nilifanya hesabu zangu haraka. Chini ya mwavuli mweusi alikuwepo mtu aliyekuja kupima kama ninauheshimu mchezo wa zama za kati. Katika maandishi yote tuliyosoma naye, marafiki wanazama. Ningeweza kuwaashiria wale vijana wambebe Mama na tumalize. Nilimtazama Mungu nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Alipandisha kipaza sauti, na sauti ya mnada ikajaa uwanja wote.

“Aingie! Aingie huyo mama, na haraka, maji ni mengi!”

Sijawahi kusikia kelele kama ile kwenye uwanja wa shule, hata tukishinda mpira. Vijana wa msumeno walimwinua Fundi kwanza, kisha Mama, na seremala akawapokea mlangoni. Kofi lilisahaulika. Wasichana wakainua turubai, na wale marafiki wawili waliobaki wakaita, sauti zikapungua, wakazama.

Daktari aliniaga akiwa amesimama kando ya gari lake, akijaribu kutoa matope kwenye gambuti kwa kijiti. Nilingoja aseme kitu. Alisema tu, “Tutazungumza kwenye utetezi wa tasnifu,” akapanda gari.

Nyumbani nilimpa Mama maji moto aoshe miguu. Nilimwuliza kilichomfanya afanye vile.

“Alikuwa ananyeshewa,” alisema. “Ungetaka nifanye nini?”

“Sokoni pia alinyeshewa.”

“Sokoni ilikuwa bado haijaniuma.”

Sikuchimba zaidi. Jumapili iliyofuata kila mmoja alikwenda kanisani kwake, Mama juu, Fundi chini, na sijui kwa nini nilitarajia vingine. Lakini katikati ya wiki Mama alichukua gauni la mchezo akalipeleka kwenye kibanda cha cherehani, ati limefumuka kwapani. Aliondoka asubuhi. Nilipopita pale nikitoka kazini alikuwa bado amekaa kwenye stuli ya wateja, anakunja vitambaa vya watu wengine na kusema habari za watu. Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani, halijaguswa.

Utetezi wangu ulifanyika Nakuru miezi kadhaa baadaye. Nilivaa suti aliyonishonea Fundi. Jopo lilikuwa na watu watatu, lakini maswali mazito yalikuwa ya Daktari.

“Mchezo unasema marafiki wanazama,” alianza. “Kituo cha tatu, wewe ukamwokoa mmoja. Kwa nini nisiseme kwamba uliuharibu?”

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu siku ile ya matope. Nilimwambia kwamba maandishi tuliyo nayo ni nakala za mwaka fulani wa mji fulani, na kwamba mafundi wale waliigiza mwaka baada ya mwaka, wakipunguza hapa na kuongeza pale, kulingana na nani alikuwa hai na nani ana sauti. Nilimwambia kwamba tukiutendea mchezo wao kama kitu kisichoguswa, tunaufanyia jambo ambalo wao wenyewe hawakulifanya. Nilisema yote bila kusoma popote.

“Hilo ninakubali,” alisema. “Lakini hujanijibu. Mwandishi yule wa kale alitaka tucheke halafu tuumie. Mtu anaokoka, na wokovu wake una gharama. Wewe uliiondoa gharama.”

“Sikuiondoa, Daktari. Wawili walizama.”

“Na nani aliwaona? Mimi nilikuwa pale. Watu wote walikuwa wakishangilia. Hata mimi nilishangilia. Walizama bila mtu kuwatazama.”

Alikuwa amesema kweli, na zaidi ya hayo alikuwa mtu wa pili kuniambia. Wa kwanza alikuwa mmojawapo wa wale mafundi wa nguo wawili waliozama. Alikuwa amenisimamisha barabarani wiki ile ile ya mchezo.

“Mwalimu,” alikuwa ameniambia, “kwa hivyo sisi wawili hatukuwa marafiki za mtu?”

Nilikuwa nimecheka. Yeye hakucheka.

Nililieleza jopo jambo hilo kama lilivyotokea. Nikasema kwamba uamuzi wangu siku ile ulikuwa sahihi na ningeurudia, na kwamba pia ulikuwa umefungua jeraha ambalo mchezo wa asili haukuwa nalo: pale zamani wote watatu waliachwa sawa, lakini mimi nilichagua mmoja mbele ya macho ya wenzake. Nilisema kwamba hilo linastahili sura yake katika tasnifu, na kwamba nilikuwa tayari kuiandika. Mtahini kutoka nje aliniuliza kama ningeweza kuimaliza kwa muhula mmoja. Nilimjibu kwamba ningehitaji nusu yake.

Walinipitisha, kwa sharti la hiyo sura. Daktari alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Pale, mbali na wenzake, alinishika bega.

“Yule Mungu wako,” alisema, “ningependa kujua anauza nini mwaka ujao.”

Mafundi wa Elburgon walikuwa wameshaamua kwamba kutakuwa na mwaka ujao. Maseremala hawakuibomoa safina, waliihifadhi nyuma ya kiwanda chini ya maturubai. Mimi nilikwenda kwa wale wanawake wawili na karatasi mpya. Nilikuwa nimewaandikia maneno ya kusema maji yakiwa yamewafika kifuani, wakati rafiki zao wawili wako juu salama na watu wanashangilia: yale ambayo mtu angesema akijua hajachaguliwa. Hakuna mwandishi wa kale aliyewapa nafasi hiyo, na nilikuwa nimeifanyia kazi kwa uangalifu, nikiandika kitu ambacho mtu anaweza kusema.

Tulikaa kibandani kwa mmoja wao, cherehani imesogezwa. Walisoma polepole, wakipokezana, kidole chini ya kila mstari. Walipomaliza, yule aliyenisimamisha barabarani aliigeuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma.

“Ni hii tu?”

“Ndiyo. Unaonaje?”

“Ni nzuri,” alisema. “Lakini ni fupi. Tunazama, mwalimu.”

Nilitoa kalamu, nikavuta kiti, nikawauliza wangetaka kusema nini zaidi.